Mtoto anaogopa sindano

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 anatibiwa saratani ya damu. Siku ya kliniki huanza kulia tangu tukiwa kwenye daladala, na nyumbani hushinda amelala. Zaidi ya dawa, nimsaidieje? (Mama, Dar es Salaam)

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Usimwambie kwamba sindano haiumi, kwa sababu akishachomwa atajua kuwa umemdanganya, na safari ijayo hatakuamini. Mweleze ukweli kwa maneno machache, kisha mpe kazi: apulize mapovu ya sabuni polepole wakati muuguzi anachoma, au akusimulie hadithi aipendayo. Kumhamisha mawazo kwa namna hii ni miongoni mwa mbinu zilizothibitishwa kupunguza maumivu ya sindano kwa watoto. Muuguzi akiridhia, mpakate akiwa ameketi, badala ya kumlaza na kumkandamiza. Kushikwa kwa nguvu ndiko, kwa maoni yangu, kunakowatisha wengi kuliko sindano yenyewe.

Uchovu wa matibabu ya saratani hauishi kwa kulala tu. Iwapo daktari wake ataruhusu, atembee kidogo uani kila siku au acheze mchezo mwepesi, ukizingatia kwamba chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) zikishuka hutakiwa kuepuka michezo ya kuangukaanguka. Kinywa asafishe kwa mswaki laini.

Ukishauriwa kumpa mitishamba, mwulize daktari kwanza, kwani baadhi huingiliana na dawa zake. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mpeleke hospitali mara moja, hata usiku.