Muulize Fundi: Hii 109 ina injini yake kweli?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Tukuyu, kuna mzee huku anauza Land Rover 109 (ile ndefu ya zamani) ya mwaka 1976, bodi safi, anasema injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani Uingereza ndo maana bei hashushi. Nimechukua kadi ya gari nikalinganisha namba ya injini, zinafanana kabisa. Hiyo inatosha au kuna kitu naweza angalia mwenyewe kabla sijatoa hela? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haitoshi, na nakuomba hela ikae mfukoni kwanza. Mtu akibadili injini halafu akaenda TRA kurekebisha taarifa, kadi inaandikwa namba ya hiyo iliyowekwa, sasa wewe ukija kulinganisha lazima zifanane hata kama injini imeingia mwaka jana. Mimi nililizwa hivyo hivyo na 109 niliyonunua Makambako, kadi safi haina doa, na iliniuma sana maana nilishailipia kama gari lenye kila kitu chake.

We angalia namba inaanzaje. Nenda na brashi ya waya na tambara lenye mafuta ya taa, kwenye bloku upande wa ekzosi, mbele kule, kuna kisehemu bapa ndo wamegonga namba, sugua taratibu. Ukikuta 12J au 19J ujue hiyo ni ya One Ten, Land Rover iliyokuja baada ya hizi 109, 12J ni dizeli ya lita 2.5 iliyoanza 1984 na 19J ndo ya tabo ya 1986, haiwezi ikawa imezaliwa na gari la 1976. Wengi wanapotelea kwenye 11H ya petroli na 10J ya dizeli, kwa sababu ni lita 2.25 kama ile ya zamani na kwa macho huwezi tofautisha, ila hizo krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inakaa kwenye beringi tano na Land Rover walianza beringi tano 1980, za kabla ya hapo ni beringi tatu na namba yake inaanza na tarakimu tupu. Yangu ilikuwa 11H.

Na hicho kisehemu chenyewe kikiwa kimepigwa msasa kinang'aa, au namba zimepinda moja juu moja chini, kuna mtu kagonga upya. Angalia pia maunting, vile vishikio vya injini, kwenye chesisi kama zimechomelewa, na kama kuna pleti ya kuunganishia kati ya injini na giaboksi, gari za huku nyingi zimewahi kubeba Isuzu au Toyota halafu zikarudishiwa ya Land Rover wakati wa kuuza.

Ikianza na tarakimu bado hujathibitisha kuwa ndo yenyewe, umejua tu si mojawapo ya hizo za herufi. Cha uhakika zaidi ni cheti cha British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, wanatunza rekodi za kiwanda, unawapa namba ya chesisi, ila kabla ya kulipia waulize kama rekodi ya gari hilo ina namba ya injini, na gharama yake mbane mzee muigawane.

Ila ikiwa 11H usiikimbie, beringi tano ni ngumu kuliko tatu na mlima Kitonga utapanda nayo vizuri tu, mlipe bei ya gari lililobadilishwa injini. Ukishasugua niandikie herufi ulizoziona.