Tiketi ipo, lakini seva ya NFS inamkataa mtumiaji

Swali: Kompyuta zetu za Linux hufungua folda za watumiaji zilizo kwenye seva ya NFS (mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao) kwa uthibitisho wa Kerberos, mfumo unaomtambulisha mtumiaji kwa tiketi za kidijitali zilizofungwa kwa funguo za siri. Jana jioni nilitoa nakala ya akiba ya funguo za seva kwa amri ya ktadd. Leo wanaoingia upya wanaambiwa hawana ruhusa, ingawa klist, amri ya kuorodhesha tiketi, inaonyesha tiketi zao, ilhali walioingia mapema jana wanaendelea na kazi. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu, kosa limo katika nakala hiyo ya akiba. Katika Kerberos ya MIT, ktadd isipoelekezwa vinginevyo hainakili ufunguo uliopo, bali hutunga ufunguo mpya, huupandisha namba ya toleo, kisha huuandika kwenye faili ulilolitaja, huku seva yako ikibaki na ule wa zamani. Tiketi za NFS zilizotolewa kabla ya hapo zilifungwa kwa ufunguo ambao seva inao. Za leo zimefungwa kwa ufunguo ambao seva haijawahi kuupata. Tiketi ya krbtgt (ile ya kwanza, inayotumika kuombea nyingine) unayoiona kwenye klist inathibitisha tu kwamba mtumiaji ametambuliwa na kituo kinachotoa tiketi.

Hakikisha kabla ya kubadili chochote. Kwenye kompyuta ya mtumiaji aliyekwama andika kvno, ikifuatiwa na nfs/ na jina kamili la seva, uone toleo la ufunguo uliofunga tiketi. Kwenye seva andika klist -k, uone matoleo ya funguo ilizo nazo. Ukiona, kwa mfano, toleo la 4 kwa mtumiaji na la 3 kwenye seva, ndilo tatizo lenyewe. Unapojaribu kufungua folda, usitumie akaunti ya root (ya msimamizi mkuu), kwa kuwa root kwa kawaida hutambulishwa kwa ufunguo wa kompyuta yenyewe, na matokeo yake yatakupoteza.

Nakusihi usiendeshe ktadd tena, kwani italeta toleo la 5, na wenye tiketi za toleo la 4 watabaki wamekwama mpaka wachukue nyingine. Ufunguo unaohitajika tayari umo ndani ya faili lako la akiba. Lihamishie kwenye seva kwa scp (amri ya kunakili faili kwa usalama), kisha kwa ktutil, zana ya kuhariri faili za funguo, lisome na uliandike kwenye /etc/krb5.keytab, faili la funguo za seva, bila kufuta ufunguo wa zamani, ili tiketi za aina zote mbili zikubalike. Baada ya hapo anzisha upya gssproxy, huduma inayokagua tiketi kwa niaba ya seva ya NFS, au rpc.svcgssd ikiwa ndiyo mnayoitumia. Toleo la 3 liondoe pale tu muda wa tiketi zote za zamani utakapokuwa umekwisha.