Uzamili wa GIS Dodoma: hesabu pikseli kabla ya kuandika mada

Anayeanza uzamili wa mifumo ya taarifa za kijiografia, GIS kama tulivyozoea kuiita, huwa anauliza kwanza habari ya programu: ArcGIS au QGIS? Hilo ni dogo. QGIS ni ya bure na inatosha kabisa kwa tasnifu. Kinachokwamisha watu ni mada isiyoendana na data iliyopo, na mara nyingi inagundulika pendekezo likiwa limeshapitishwa.

Chukua mashamba ya zabibu ya Hombolo. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Pikseli (mraba mdogo kabisa unaounda picha) ya setilaiti za Landsat ina upande wa mita 30, kwa hiyo ekari hiyo inapata pikseli nne na nusu tu, nyingi zikiwa zimechanganya zabibu na njia au shamba la jirani. Setilaiti ya Sentinel-2 yenye pikseli za mita 10 inakupa kama 40. Lakini Sentinel-2 ilianza mwaka 2015, basi ukitaka mabadiliko ya miaka 30 haikufai. Chagua: undani au historia. Picha tafuta za kiangazi. Za Desemba hadi Aprili zimejaa mawingu, na mtama ukishavunwa, shamba la zabibu lenye majani linajitenga vizuri na ardhi kavu. Pointi za uhakiki, yaani za kupima kama ramani yako ni sahihi, zisitoke kwenye mashamba yale yale uliyofundishia programu kutambua zabibu. Usahihi utapanda, ndiyo, ila ni wa bandia, na mtahini makini ataona.

Kondoa nako kuna mtego wake. Mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973. Anayetaka kuonyesha hali ya kabla ya hapo atakuta Landsat 5, yenye pikseli za mita 30, ilirushwa 1984. Landsat za kabla ya 1979 zina pikseli za karibu mita 80, na korongo la upana wa mita kumi halionekani humo. Atafute picha za zamani za ndege, au abadili swali.

Halafu viwianishi, namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo. Longitudo 36 inapita mashariki ya jiji la Dodoma: jiji liko kanda 36 Kusini ya UTM (mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita), miji ya Kongwa na Mpwapwa iko kanda 37. Ukifanyia kazi mkoa mzima, tumia kanda moja kwa leya (tabaka za ramani) zote. Ukiinyoosha kanda 36 hadi mwisho wa mashariki wa mkoa, kosa la urefu ni karibu mita 2 kwa kilomita, ambalo kwa ramani ya matumizi ya ardhi linavumilika. Lisilovumilika ni kuchanganya misingi miwili ya vipimo, Arc 1960 ya ramani za zamani na WGS 84 ya GPS: vitu vinasogea karibu mita 300, kisima kinaangukia kijiji kingine. Ndani ya programu kila mfumo una namba yake ya utambulisho (EPSG): Arc 1960 kwa kanda 36 Kusini ina namba 21036, WGS 84 ni 32736.

Na leya ikigoma kukaa mahali pake, usiibandike namba nyingine ukadhani umeigeuza. Kubandika kunabadili lebo tu. Viwianishi vya ndani vinabaki vile vile. Tambua kwanza mfumo wake halisi, kisha igeuze na uihifadhi kama faili jipya. Ukiihifadhi kama shapefile (aina ya faili la ramani), majina ya safu za jedwali lake yasizidi herufi 10, la sivyo yatakatwa.