Mtoto anacheua kila akinyonya: maswali yenu na majibu

Maswali mengi ya safari hii yanahusu maziwa yanayorudi. Yanayofanana tumeyaunganisha, na maneno tumeyaacha kama mlivyoyaandika.

Mwanangu ana wiki 6, nanyonyesha tu. Kila akimaliza anacheua mpaka khanga ya begani inaloa. Naona kama hakuna kinachobaki tumboni. (Mama, Tanga)

Dada, kwanza jaribu hili. Jaza kijiko cha chai maziwa, mililita 5, uyamwage juu ya khanga kavu kisha usubiri kidogo. Doa litatambaa mpaka likaribie upana wa kiganja chako. Kitambaa hutisha kuliko maziwa yenyewe.

Umio unapoingia tumboni pana msuli unaofanya kazi ya mlango. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado hulegea ovyo, chakula chake ni cha majimaji, na muda mwingi yuko amelala. Ndiyo maana maziwa hupanda. Kucheua huanza kabla ya wiki 8, hushamiri karibu na mwezi wa 4, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa na kula vyakula vizito. Watoto 9 kati ya 10 huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo usishtuke hali ikizidi kidogo kabla ya kupungua.

Kama maziwa yanabaki tumboni, mizani itakwambia. Kufikia wiki ya 2 mtoto anapaswa kuwa amerudia uzito aliozaliwa nao. Baada ya hapo, miezi 3 ya mwanzo, anaongeza takribani gramu 20 hadi 30 kwa siku. Alowanishe nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Mstari wa kadi ya kliniki ukiwa unapanda, mtoto anashiba, hata kama unafua khanga tatu kwa siku.

La kufanya ni kuangalia jinsi anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Anayeshika chuchu peke yake humeza hewa nyingi, na hewa ikitoka hutoka na maziwa. Maziwa yako yakichuruzika kwa kasi hadi anapaliwa, nyonyesha ukiwa umeegama nyuma ili apambane nayo kidogo. Amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Katikati na mwishoni, mtoe gesi: mweke wima, kidevu begani kwako, ukimpapasa mgongo taratibu. Kisha mshike wima dakika 20 hadi 30. Kumfunga mbeleko mgongoni mara tu baada ya kunyonya kunambana tumbo, na kumkalisha kwenye kiti akiwa amejikunja ni vivyo hivyo. Nepi nayo usiikaze kiunoni.

Nitatofautishaje kucheua na kutapika? (Baba, Nakuru)

Anayecheua hana habari. Maziwa yanachuruzika mdomoni, wakati mwingine puani, naye anaendelea kutabasamu kidevu kikiwa kimelowa. Yakitoka yameganda kama mtindi si ugonjwa, ni asidi ya tumbo imeshaanza kazi. Anayetapika hukaza tumbo, uso hubadilika, na kinachotoka hutoka kwa nguvu.

Kutapika kumoja kunahitaji macho yako zaidi. Kati ya wiki ya 3 na ya 6, kwa wavulana kuliko wasichana, msuli wa mlango wa chini wa tumbo, pale maziwa yanapotokea kwenda kwenye utumbo, unaweza kunenepa mpaka ukaziba njia. Mtoto huanza kurusha maziwa mbali baada ya karibu kila mlo, na siku zinavyokwenda nguvu inaongezeka. Cha ajabu, dakika chache baadaye anatafuta titi kwa njaa. Mkojo na choo vinapungua, uzito unashuka. Wazazi wengi huchelewa hapa kwa sababu mtoto anaonekana ana hamu ya kunyonya. Hospitali huthibitisha kwa ultrasaundi, humrudishia maji na chumvi mwilini, kisha hufanyiwa operesheni na hupona kabisa.

Matapishi ya kijani yana maana ya nyongo, na nyongo ina maana utumbo huenda umeziba au umejisokota. Usingoje asubuhi, hata ikiwa ni saa nane usiku. Mpeleke pia upesi ukiona damu au kitu kama unga wa kahawa kwenye matapishi, tumbo limejaa na kuwa gumu, utosi umetuna, joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3, au mtoto amelegea, hanyonyi, au anatapika kila anachopewa. Na kutapika kunakoanza baada ya miezi 6 kwa mtoto ambaye hakuwa akicheua, kunahitaji daktari.

Mjukuu wangu wa miezi 2 anakohoa na kurudisha maziwa. Hapa kijijini wanasema ni kimeo, kuna fundi wa kukata. (Bibi, Morogoro)

Shikamoo bibi. Tunakuomba usimpeleke kwa fundi. Kimeo ni kinyama ambacho kila mtu anacho nyuma ya koo. Hakizibi maziwa wala hakiyarudishi. Kikikatwa kwa wembe mtoto anaweza kuvuja damu asiokolewe, kwa kuwa ni mdogo na damu yake ni kidogo, au akapata pepopunda na maambukizi ya damu. Maziwa yanayorudi wakati mwingine huwasha koo na kumfanya akohoe, basi kikohozi na kimeo vinaonekana kama kitu kimoja. Yale yanayoitwa meno ya plastiki nayo ni machipukizi ya meno yake mwenyewe. Kuyang'oa ni kumuumiza bure. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na asikilizwe kifua. Akihema haraka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, nendeni siku hiyohiyo.

Naogopa atapaliwa usingizini. Nimlaze kifudifudi au nimwekee mto? (Mama, Mombasa)

Hapana kwa yote mawili. Mlaze chali, godoro gumu na tambarare, bila mto. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya umio, kwa hiyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda ndipo yaingie mapafuni. Akiwa kifudifudi, umio ndio unakuwa juu, na hatari ya kifo cha ghafla usingizini huongezeka. Mto nao humkunja shingo kidevu kikaziba pumzi. Kulala kifuani kwako ukiwa macho ni sawa.

Nimerudi kazini, anatumia maziwa ya kopo. Ana miezi 2, kilo 4.5. Nampa mililita 150 mara 7 na anatapika sana. (Mama, Dodoma)

Tupige hesabu. Mtoto wa umri huo huhitaji takribani mililita 150 kwa kila kilo kwa siku: 4.5 mara 150 ni 675. Wewe unampa 1,050. Tumbo linafurika. Gawa 675 kwa milo 8, ni kama mililita 85 kila mlo, na akigeuza kichwa usimlazimishe kumaliza.

Kipimo cha unga fuata maelezo ya kopo: maji kwanza, kisha unga, kijiko kimesawazishwa bila kushindiliwa. Maziwa mazito kupita kiasi humkausha maji na kumfungisha choo. Ukitikisa, subiri povu litulie. Kama ni chupa, igeuze: chuchu idondoshe kama tone moja kwa sekunde, ikimwaga, tundu ni kubwa. Kikombe kidogo ni rahisi kuosha kuliko chupa. Yaliyobaki mwaga.

Je, gripe water, uji mzito au dawa ya duka vitasaidia? (Wasomaji kadhaa)

Uji kabla ya miezi 6, hapana. Gripe water haizuii kucheua, na inachukua nafasi ya maziwa tumboni. Omeprazole hupunguza ukali wa asidi lakini maziwa yatapanda vilevile. Ni kwa mtoto ambaye daktari ameona asidi inamuumiza. Kuna na dawa za kuzuia kutapika: metoclopramide inaweza kumkakamaza mtoto shingo na uso, na domperidone inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Usizinunue bila cheti cha daktari.

Anacheua, analia akinyonya na kujikunja mgongo. Ana pumu ya ngozi na choo chenye utelezi. (Mama, Bujumbura)

Hapa tunashuku mzio wa maziwa ya ng'ombe, yanayomfikia kupitia titi lako. Zungumza na daktari, kisha acha maziwa, mtindi, siagi na chai ya maziwa kwa wiki 2 hadi 4 huku ukiendelea kunyonyesha. Andika kila siku alivyolia, alivyocheua na choo kilivyokuwa. Akipata nafuu, rudia maziwa kwa mpango wa daktari. Dalili zikirudi ndani ya siku chache, mzio umethibitika. Zisiporudi, endelea kunywa chai yako.