Ontolojia ya matukio ya kijamii: nilikokosea mimi

Mkuu, umeuliza kama kalenda yako ya matukio ya kijamii inahitaji ontolojia (maelezo rasmi ya aina za vitu na uhusiano wake, ambayo mashine inaweza kuyasoma) au lebo zinatosha. Kama matukio ni machache na unayaingiza mwenyewe, lebo zinatosha, usijitese. Shida huanza waingizaji wanapokuwa wengi: mmoja anaandika "tamasha", mwingine "onyesho", wa tatu "burudani", na mashine haijui kwamba wote wanasema jambo lilelile.

Mimi nilianza kwa kuchora mti. Juu "tukio", chini yake "sherehe", "mkutano", "michezo", kila tawi na vijitawi vyake. Wiki tatu ndani ya Protégé, programu ya kutengenezea ontolojia, nikajiona mtaalamu. Zikaja mbio za hisani. Ni michezo au ni harambee? Na jioni kulikuwa na muziki! Nikaziweka kwenye michezo. Aliyetafuta harambee hakuziona. Nikaongeza tawi la "michezo ya hisani", na tangu hapo kila tukio likadai tawi lake.

OWL, lugha ya ontolojia ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliipitisha mwaka 2004, haina tatizo na kitu kimoja kuwa cha aina mbili, mradi hujatamka kwamba aina hizo hazikutani. Mimi nilikuwa nimetamka hivyo kila mahali, nikidhani ndio umakini. Nikafuta. Nikabakiza aina chache, mengine yote nikayageuza sifa: lengo, walengwa, mwandaaji, kuhudhuria ana kwa ana au mtandaoni.

Jingine: tukio si tangazo lake. Onyesho moja linaweza kutangazwa mara tano, lakini ni moja. Likiahirishwa, linabaki lilelile. Nilikuwa nafuta na kuingiza upya, na waliokwisha kuthibitisha kuja wakapotea kwenye orodha. Schema.org, msamiati ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo, inaichukulia hali ya tukio kama sifa: limepangwa, limeahirishwa, limefutwa, limehamia mtandaoni. Tarehe ya zamani nayo ina mahali pake. Ningeanzia hapo, kwa sababu injini za utafutaji tayari zinausoma.

Ila Schema.org haitakusaidia sana kwenye matukio yenye utata. Mkusanyiko uleule mmoja anauita maandamano ya amani, mwingine vurugu. Ukichagua aina moja, umeshatoa hukumu. Hapa niliiga LODE, ontolojia ndogo ya matukio inayoshika yale yasiyobishaniwa: nini kilitokea, wapi, lini, nani walihusika. Kwangu jina la "vurugu" nikalihifadhi kama kauli, pamoja na aliyeitoa. Kazi inaongezeka, sikudanganyi, na kwa kalenda ya harusi na semina ni kupoteza muda. Kwa kumbukumbu ya matukio yaliyokwisha kupita, sioni njia nyingine.

Halafu saa. Kila saa iandikwe na tofauti yake na UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), kwa mtindo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa. Nimeiweka mwisho, lakini ndiyo iliyoniletea malalamiko kuliko aina zote nilizozikosea: kuna kikao cha mtandaoni ambacho nusu ya waalikwa walifika kimeisha saa moja iliyopita.