Je, kifungo cha vita kinatosha kumpa mtu urais?

Swali: Ndugu Mhariri, hapa Kadutu tunabishana. Je, John McCain wa Marekani hakustahili urais kwa sababu tu alivumilia kifungo cha adui? (Msomaji, Bukavu)

Jibu: Ndugu msomaji, McCain, rubani ambaye ndege yake ilitunguliwa Hanoi mwaka 1967 katika Vita vya Vietnam, alikataa mwaka uliofuata kuachiliwa kabla ya wenzake waliotangulia kutekwa, akabaki kifungoni hadi 1973, na tangu hapo mikono yake haikuweza kuinuka juu ya mabega. Kwa maoni yangu, kukataa huko kunaeleza tabia yake kuliko mateso yenyewe, ambayo hakuyachagua. Lakini bajeti na mikataba havifunzwi gerezani. Wapigakura wa 2008 walimchagua mpinzani wake, Obama. Mgombea akiwajia Kadutu na habari za kifungo chake, mpeni pole, kisha mwulizeni mishahara ya walimu itatoka wapi.