Don't Look Up: kwa nini sikuweza kucheka

Mkuu, umeuliza kama ni wewe peke yako uliyemaliza Don't Look Up kifua kikiwa kizito, wakati kila mtu alikwambia ni filamu ya kuchekesha. Hauko peke yako. Niliitazama na wadogo zangu wiki ileile ilipoingia Netflix, Desemba 2021. Kufika katikati, wa mwisho aliinuka akaenda kukaa barazani.

Kwa ambaye hajaiona: wataalamu wawili wa nyota, Leonardo DiCaprio na Jennifer Lawrence, wanagundua kometi, bonge la barafu na mawe la angani, yenye upana wa kilomita 5 hadi 10, inayokuja kuigonga Dunia, na imebaki miezi sita tu. Wanakimbilia Ikulu ya Marekani. Wanamwambia Rais, ambaye ni Meryl Streep, kwamba uhakika ni asilimia 99.78. Anajibu tuseme 70, tuendelee na mengine. Uchaguzi wa Bunge uko karibu.

Hapo ndipo iliponishika. Desemba 2011 tulikuwa tunaishi bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Redioni walishatahadharisha kuhusu mvua kubwa. Baba akasema haya maji tunayajua, yanafika kizingitini yanarudi. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameshalipa kodi ya miezi sita na hakuwa na pengine pa kutupeleka. Kulipokucha maji yalikuwa yamefika kwenye swichi ya taa. Yalipopungua yaliacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na madaftari yangu ya kidato cha pili yalikuwa yamevimba kama maandazi. Sisi tulitoka. Kuna majirani hawakutoka.

Kwa hiyo ugomvi wangu na Adam McKay, aliyeiongoza akiwa na mabadiliko ya tabianchi kichwani, si kwamba amekaza sana. Akimchapa Rais, au yule tajiri wa kampuni ya simu anayefanya roketi zilizotumwa kuipiga kometi zirudishwe njiani kwa sababu ina madini, niko naye kabisa. Lakini watu wa kawaida wanaokataa kutazama juu waione kometi amewafanya mazuzu waliovaa kofia za kampeni, basi. Hawana kodi, hawana watoto, hawana sababu. Na ndio watakaokufa. Utamchekaje mtu wa namna hiyo?

Linganisha na Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, 1964. Ile nayo inaishia kwenye mabomu ya nyuklia, dunia inakwisha, lakini nilicheka hadi mbavu zikauma. Karibu kila unayemwona mle ana cheo au ana bomu mkononi. Kicheko kinampiga anayestahili.

Ila kuna sehemu moja ya McKay nitaitetea popote: chakula cha mwisho. DiCaprio amerudi kwa mkewe na wanawe, wageni wachache wako mezani, kijana mmoja anayeigizwa na Timothée Chalamet anaomba dua, wameshikana mikono. Kisha wanaongea habari za chakula na kahawa huku nyumba inaanza kutetemeka. Hakuna anayedhihakiwa pale. Mdogo wangu alikuwa amesharudi ndani, amesimama mlangoni, na hakukaa mpaka ilipoisha.

Sisi usiku ule wa Msimbazi tulikula ugali na dagaa. Mvua inapiga bati, baba anapaza sauti kuuliza nani hajaongezewa mchuzi.